Shukrani kwa kaka wa studio

Kaka uliyenikuta Jumamosi nikifuta noti moja moja kwenye rekodi ya ngoma za umeme, asante sana. Jina sikukuuliza, nilikuwa nawahi daladala. Kila nikikanyaga ngoma ya mguu, tomu kubwa (ngoma nyingine ya seti, yenye sauti nene) nayo ilijiandika kwenye midi, yaani rekodi ya kila pigo na nguvu yake: noti 43, nguvu ndogo tu, 9 au 12, na sijaigusa! Nikalaumu kebo. Wewe ukagonga bomba la stendi inayoshika ngoma kwa kidole tu, noti ikatokea. Kumbe mtikisiko ulipitia kwenye chuma. Ukapandisha kidogo kidogo kizingiti cha pedi ya tomu, yaani nguvu ya chini kabisa inayohesabiwa kuwa pigo, kisha noti zilizokwisha rekodiwa ukazichagua zote zenye nguvu chini ya 20, ukafuta kwa mpigo. "Za tomu tu," ukaonya, "snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ina mapigo madogo ya makusudi." Soda yako ipo.