Kwenu Wajukuu Zangu Mlioshangilia Kombora Kaburini

Wajukuu zangu,

Tangu Jumamosi ile tulipomzika jirani yetu sijapata usingizi mzuri. Nilitaka kuyamezea, lakini yamenikaa kooni. Mliyoyatenda mliyatenda mbele za watu, basi na mimi nayasema mbele za watu.

Mlikuwa wanane. Shimo lilikuwa limefika kiunoni, jembe limegonga mzizi, na wawili wenu mko ndani mnaukata kwa shoka. Mmoja akaisimamisha simu yake juu ya rundo la udongo, akaifuta vumbi kwa upindo wa shati, nanyi nyote mkainama kutazama. Nikaona jengo la ghorofa linaporomoka kwa kombora. Mkapiga kelele kama watu walioona goli. Wengine wenu mko upande wa Urusi, wengine upande wa Ukraine, mkaanza kutambiana juu ya kaburi lililo wazi. Mjane alikuwa amekaa hatua 30 kutoka pale. Aliinua kichwa, akawatazama, kisha akakiinamisha tena.

Ndani ya jengo lile mlikuwa na watu. Kuna mtu alikuwa anavaa viatu, kuna mtoto alikuwa amelala. Na wao walichimbiwa makaburi, na waliowachimbia walikuwa majirani zao, kama ninyi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Msinielewe vibaya. Sikatazi mtu kujua mambo ya dunia. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zilifungwa na ngano ikakwama kwenye maghala. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na mwaka ule mbolea ilipanda bei kila mahali. Mkulima asiyejua hata Ukraine iko wapi alipanda pungufu. Julai 2022, Umoja wa Mataifa na Uturuki waliwakutanisha wapiganaji huko Istanbul, makubaliano yakatiwa saini, meli za nafaka zikaanza kupita. Mwaka mmoja baadaye Urusi ikajitoa katika makubaliano hayo. Nilidhani vijana wenye simu ndio wangetueleza sisi wazee mambo kama haya. Mmetuletea matambo.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma zaidi.

Mnamjua mama ambaye mwanawe ni baharia. Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen waliiteka meli Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na baada ya hapo wakawa wanazishambulia meli nyingine. Hizo ni habari za kweli. Lakini mmoja wenu, sitamtaja, alitupa kwenye kundi la kijiji video ya meli inayowaka moto usiku, akaandika chini yake: "Hii ndiyo ya kijana wetu." Aliipata wapi? Alitumiwa. Na aliyemtumia? Naye alitumiwa.

Mimi ndiye niliyeitwa. Nilimkuta yule mama amekaa kizingitini, kanga imemdondoka begani na hana habari, simu ameishika kwa mikono miwili, anairudia video ileile. Alikuwa anamtafuta mwanawe katika moto ule. Siku 2 hakula. Siku ya tatu kijana akapiga simu, mzima, yuko bahari nyingine kabisa. Alipotumiwa ile video alisema ni mchezo wa kompyuta, anaujua kwa sababu mabaharia wenzake huucheza wakipumzika.

Nikauliza, nikaelezwa kwamba jambo hili si geni. Kuna mchezo wa vita unaoitwa Arma 3. Vipande vyake vimezungushwa sana kama picha za vita vya Ukraine, hata kampuni iliyoutengeneza ikalazimika, Novemba 2022, kuwaeleza watu namna ya kuvitambua: picha hafifu, mara nyingi ni usiku, kamera inatikisika, sauti hakuna, na watu wanaotembea huwaoni. Video ya yule mama ilikuwa na dalili zote hizo! Ninyi wenye macho makali hamkuona hata moja. WhatsApp nayo huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Ukiiona mishale hiyo, zuia kidole chako. Ulizia kwanza. Kama habari inamhusu mtu wa hapa kijijini, inuka uende kwake kwa miguu yako, umwambie ana kwa ana, na uwe na hakika.

Mengine nayataja tu. Msiwaonyeshe watoto maiti. Msimwite mtu adui kwa sababu ya taifa lake. Msichague vita vya kuhuzunikia: Sudan inaungua tangu Aprili 2023, watu zaidi ya milioni 10 wameyahama makazi yao, na sijasikia mkiitaja hata siku moja.

Nasi watu wazima tusijifiche nyuma ya makosa ya vijana. Mwaka 1994 kule Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na wazee wenye mvi waliketi wakaisikiliza, kisha majirani wakawaua majirani. Mimi mwenyewe nilisimama kando ya lile shimo Jumamosi, nikasema "chimbeni" tu, nikanyamaza. Nilikosea. Ilinipasa kuizima ile simu na kuwaketisha pale pale. Ninyi ni watoto wema. Mvua ilipobomoa ukuta wa nyumba yangu mlikuja bila kuitwa, mkaujenga upya. Ndiyo maana nimeumia.

Mvua za wiki hii zimelididimiza kaburi la jirani yetu, kona ya upande wa miguuni imefanya shimo. Jumamosi saa 1 asubuhi njooni tuongeze udongo. Tukimaliza tutapita kwa mjane tumwangalie.

Nawe uliyetuma ile video, usingoje Jumamosi. Kesho jioni nitakuwa njia panda. Tutakwenda wote wawili kwa yule mama. Wewe ndiye utakayesema, mimi nitakaa kando yako.

Mzee wenu