Kabla hujanunua ile .338

Pueblo, Colorado

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila upepo tu ndio haujatuacha tangu wiki iliyopita. Msalimie sana shemeji na watoto.

Umeniomba nikuchagulie bunduki ya kulenga shabaha za mbali, kati ya kaliba mbili, .50 BMG na .338 Lapua (kaliba ni upana wa risasi, hapa kwa inchi). Ya .50 haina mjadala: hapo California ilipigwa marufuku tangu Januari 2005, kwa hiyo tuiache. Tubaki na .338, na naomba unisikilize kabla hujatoa hata senti. Ni bunduki nzuri mno, lakini sidhani kama ni ya kwako, angalau kwa sasa.

Uwanja wenu, kwa maelezo yako, unaishia yadi 1,000, yaani mita 914. Sasa angalia .338 ilizaliwa kwa kazi gani. Ilibuniwa miaka ya 1980 kwa walenga shabaha wa jeshini waliotaka kufika mita 1,500. Kichwa chake cha greni 300, karibu gramu 19 na nusu, kinaendelea kuishinda sauti kwa kasi hata baada ya kupita mita 1,400. Cha .308, kaliba ndogo zaidi, kile cha greni 175, kinakaribia kushuka hadi kasi ya sauti kwenye hizo hizo yadi 1,000, na kikifika hapo huanza kuyumba. Watu wanaoisifu .338 hawadanganyi. Ila wewe utakuwa unalipia mita 500 ambazo uwanja wako hauna.

Utaniambia habari ya upepo, na hapo una haki. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, katika yadi 1,000 .308 inasukumwa karibu mita 2 na nusu, .338 kama mita 1 na nusu. Tofauti ni kubwa. Lakini duara la pointi 10 kwenye shabaha ya F-Class, yale mashindano ya kulenga mbali ukiwa umelala na bunduki ikiwa na egemeo, lina upana wa inchi 10, kama sentimita 25. Usipoujua upepo, mita 1 na nusu inakutoa nje sawasawa na mita 2 na nusu. Ukiujua, zote mbili unazirekebisha. Na upepo hujifunzi kwa kununua kaliba. Unajifunza kwa kufyatua risasi nyingi huku jicho likiangalia bendera, nyasi, na yale mawimbi ya joto yanayocheza ndani ya darubini juu ya ardhi. Yakipanda wima, upepo umetulia au unakujia usoni au mgongoni. Yakilala upande, uanze kuhesabu.

Hapo ndipo .338 inapokunyima. Risasi moja ya mashindano ni dola 5 na zaidi. Ukijaza mwenyewe, kila ganda linameza karibu gramu 6 za baruti, mara mbili ya .308. Joto hilo lote linapita kwenye koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari: mtutu wa .308 unaweza kukupa risasi 5,000 na ushei ukiwa bado unalenga vizuri, wa .338 hesabu kama 2,000. Kwa hiyo utafanya mazoezi kwa mkono wa birika, na mlenga shabaha anayebania risasi haendelei.

Halafu teke, yaani bunduki inavyokupiga begani ikifyatuka. Nililala pembeni ya mtu mwenye .338 yenye kizuia teke mdomoni. Kila akifyatua, vumbi lilinyanyuka kwenye mkeka wangu na karatasi zangu za alama zikaruka, na kifua nikakisikia kikigongwa ingawa nilikuwa nimeziba masikio mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa ametulia kabisa. Lakini vizuia teke haviruhusiwi katika F-Class, na mechi zenu ni hizo. Ukikifungua, mzigo wote unahamia begani, risasi baada ya risasi, na mwili ukishalijua teke huanza kujikunyata kabla kidole hakijavuta. Ugonjwa huo nimeuona kwa watu hodari, na kuutibu ni kazi ya msimu mzima.

Labda unaniambia: nataka kwenda mbali zaidi, nije Raton, New Mexico. Karibu sana! Uwanja wa shabaha wa huko, Whittington Center, ni mwendo mfupi kusini kwangu, juu milimani ambako hewa ni nyepesi na risasi inasafiri mbali kuliko pwani. Ila wale wanaoshindana kwa maili 2, kilomita 3 na ushei, wengi wanatumia kaliba kubwa kama .375 CheyTac na .416 Barrett; .338 kwao ni ndogo. Unaona ilivyo? Kwa yadi 1,000 ni kubwa, kwa maili 2 haitoshi. Mahali pake ni kati ya mita 1,200 na 1,800, na mwenye uwanja wa namna hiyo namwambia anunue bila kusita.

Kwako wewe nasema hivi. Kama klabu inapiga F-TR, lile daraja la F-Class lenye kaliba maalumu, hakuna la kuchagua, sheria inakupa .308 au .223 tu, na .308 ndiyo yako. Kama ni daraja la wazi, chukua 6.5 Creedmoor (hiyo 6.5 ni milimita). Tangu ilipotoka mwaka 2007 imewapa wanaoanza kitu walichokikosa: teke dogo, na upepo unaisukuma kidogo kuliko .308. Mtutu uwe mzito na mrefu. Pesa itakayobaki itie kwenye darubini na vishikio vyake, usiibanie hapo hata kidogo, maana darubini inayosogea itakufundisha uongo.

Cheti cha usalama wa silaha kifanye mapema, na zile siku 10 za kungoja za huko zihesabu. Niandikie klabu inapiga daraja gani, na bajeti yako yote, risasi za mwaka zikiwemo. Nikishajua hayo nitakutajia aina mbili tatu za kuanzia, na ukija mwezi wa sita utapiga na yangu kwanza.

Wako,
Rashidi