Sili ni bei ndogo, mbona kazi ya raki ni ghali?

“Fundi, sili nimeziulizia dukani ni hela ndogo tu. Wewe unanidai zote hizi za nini?” Swali hili halikauki gereji kwetu, na juzi mama mmoja aliondoka akisema tumemwibia. Basi nieleze hela ya kubadilisha sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, kwenye raki, chuma cha usukani kinachogeuza tairi za mbele, inakokwenda.

Kwenye stelingi ya pawa ya oili, injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma oili. Ukikata kona, chuma chembamba kilichounganishwa na pinioni, gia ndogo inayosukuma raki, kinajisokota kidogo, valvu inafunguka, oili inaingia upande mmoja wa pistoni iliyomo ndani ya raki na kuisukuma kule unakotaka tairi ziende. Presha humo inaweza kupita baa 70, wakati tairi la gari dogo lina baa 2 na ushee. Na kinachoizuia isitoke ni mpira mwembamba, yaani sili.

Hapa Dodoma adui wa sili ni vumbi. Buti la raki, mpira unaofunika ncha yake, likichanika, vumbi la Nkuhungu au Mkonze linanata kwenye shafti, fimbo inayopita ndani ya sili, yenye oili na kusaga kila unapokata kona. Masika ikija, kutu inamalizia. Shafti ikishaota vishimo, hata ufunge sili mpya itachanwa vilevile. Kwa hiyo nashusha raki nzima, naifungua, naiosha, nakagua shafti kwa taa na kwa ukucha. Usukani naufunga kwanza, maana ukizunguka ukiwa umeachanishwa na raki unakata waya wa eabegi. Nikirudisha natoa hewa kwenye oili, kisha gari linakwenda alaimenti, kunyooshwa tairi. Hiyo ni kazi ya siku.

Wengi wanakimbilia kuongezea oili kila wiki, na ikiisha wanamimina chochote. Kuna Noah ililetwa kutoka Kibaigwa imejazwa mafuta ya breki. Sili zote zilivimba na kulegea kama ubuyu uliolowekwa, hadi za pampu. Mwenyewe alikwepa kazi ya raki, akalipia raki, pampu na mipira ya presha. Gari hizo nyingi zinatumia ATF, oili ya gia boksi za otomatiki. Soma kifuniko cha kopo la oili au kitabu cha gari, usiulize jirani.

Na usisubiri kuona tone chini. Oili inayovuja hujikusanya kwanza ndani ya buti. Liminye kwa mkono: likiwa zito na linacheza kama lina maji ndani, sili imekwisha. Pampu ikilia ukikata kona, angalia oili siku hiyohiyo. Usukani usiushikilie mwisho wa kona, presha inapanda na oili inachemka.

Shafti ikiwa na vishimo nitakuonyesha kabla sijanunua chochote, uchague raki nyingine au uondoke na gari lako. Sili mpya juu ya shafti mbovu sifungi, hata ukinilipa mara mbili.