Kwa Nini Hatukuuzii Antibayotiki Sita kwenye Karatasi

Wiki iliyopita mteja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba famasi yetu ina roho mbaya. Alikuja kuomba vidonge sita vya amoksilini kwa ajili ya koo, tukamwomba cheti cha daktari. Tukamwambia pia kwamba hata angekuwa nacho tungempa dozi yote iliyoandikwa. Akaenda duka jingine, akafungiwa sita kwenye karatasi bila kuulizwa hata jina. Wenzake wakamuunga mkono: "Wale wanataka hela tu." Maneno haya tunayasikia kila mara, na huwa tunayajibu harakaharaka dirishani huku foleni imejaa. Leo tuyajibu kwa nafasi.

Antibayotiki kama amoksilini, yaani dawa za kuua bakteria, ni dawa za cheti, na hiyo ni sheria ya nchi. Tuiache sheria kwanza, tuhesabu zile sita. Mtu mzima akiandikiwa amoksilini ya miligramu 250, 2x3, yaani mbili mara tatu kwa siku, anameza sita kwa siku. Kwa hiyo yule mteja alinunua dawa ya siku moja. Kesho yake homa ikishuka atasema amepona, na wadudu (bakteria) waliobaki ndio wale waliokuwa wagumu kufa tangu mwanzo. Na kama koo lake lilikuwa na mafua tu, yaani virusi, zile sita hazikumsaidia kitu.

Kitu kingine ni hiyo "mara tatu" yenyewe. Wengi wanaifuata kwa milo: chai saa mbili asubuhi, chakula saa saba mchana, cha usiku saa moja. Hapo kati ya dozi ya jioni na ya asubuhi panapita saa kumi na tatu. Amoksilini haikai mwilini. Kwa mtu mwenye figo nzima, baada ya saa moja hivi nusu yake imeshaondoka, na nyingi inatoka na mkojo. Ndiyo maana kwenye bahasha zetu tunaandika saa: 12 asubuhi, 8 mchana, 4 usiku. Ukiwa na chakula au huna, meza. Azithromaisini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, ndiyo maana unaandikiwa moja kwa siku, mara nyingi kwa siku tatu. Usichukue hesabu ya dawa moja ukaipeleka kwenye nyingine, wala usiseme "jirani alimeza siku tatu akapona."

Tuna mteja muuza mitumba ambaye alikuwa na UTI isiyoisha. Kila mkojo ukimuunguza alinunua sipro, antibayotiki nyingine, nne hapa, nne pale, akipata nafuu anaacha. Siku nyingine alimezea maziwa ili zisimuumize tumbo, kumbe maziwa yanaishika sipro isiingie vizuri kwenye damu. Mwishowe hospitali wakauotesha mkojo wake, yaani wakawakuza wadudu waliomo waone ni dawa zipi zinawaua. Alituletea karatasi ya majibu tumsomee: S maana yake dawa bado inafanya kazi, R maana yake wadudu hawaisikii tena. Sipro R. Amoksilini R. Dawa ya vidonge aliyokuwa akiimudu haikuwepo kwenye orodha ya S. Akachomwa sindano kila siku, akalipia kipimo, nauli, na meza yake sokoni ikakaa bila mtu. Hela yote aliyookoa kwa kununua nne nne ilikwisha siku ya kwanza.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, dawa ya ukoo mmoja na amoksilini, mwaka 1928, alilisema hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945: kwamba ipo hatari mtu kuinunua dukani, kujipa dozi ndogo, na wadudu wakaizoea. Shirika la Afya Duniani linasema inakadiriwa kwamba usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019.

Kwa watoto ndiko tunakokazana zaidi. Dawa ya unga ya kuchanganya na maji tunapenda kuichanganya sisi wenyewe, mzazi akiangalia. Kwanza tunagonga chupa mpaka unga uliogandamana chini uachie. Tunatia maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha nusu, tunatikisa. Povu likitulia tunaongeza mpaka kwenye mstari, tunatikisa tena, tunaangalia tena mstari. Mama mmoja alichanganya nyumbani, akaona povu limefika mstarini, akaacha hapo. Mtoto akapewa dawa nzito kuliko inavyotakiwa. Mwingine alijaza mpaka shingoni "ili iishe polepole", na mtoto wake hakupona. Mpimie kwa kikombe au bomba tunalokupa, usitumie kijiko cha chai cha nyumbani, kwa sababu vijiko havilingani. Ile amoksilini iliyoongezewa dawa ya pili iitwayo klavulanate ikishachanganywa inataka friji, na baada ya siku saba imwage hata kama imebaki. Kama nyumbani huna friji, tuambie kabla hatujaichanganya.

Sasa bei. Ndiyo, tuko juu kidogo ya yule wa karatasi. Joto la Tanga mnalijua, na dawa nyingi zinataka kukaa chini ya nyuzi 30, kwa hiyo kiyoyozi hakizimwi na umeme tunaulipa. Tunanunua zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Mfamasia wetu analipwa ili akuulize maswali mnayoyaona ya usumbufu: una mzio wa penisilini? Una ujauzito? Unatumia dawa gani nyingine? Kijana mmoja alituona wasumbufu, halafu akakumbuka kwamba alipokuwa mdogo alivimba uso baada ya kuchomwa sindano ya penisilini. Tulimpigia daktari wake palepale, dawa ikabadilishwa. Na dozi kamili ya amoksilini ya siku tano ni kama bei ya sahani ya chipsi mayai.

Kama hela haitoshi, sema dirishani kabla hatujahesabu. Tutampigia aliyekuandikia tumuulize kama ipo ya bei nafuu inayofaa ugonjwa huohuo. Mara nyingi ipo, hasa kama umeandikiwa kwa jina la kampuni kubwa. Ukipata vipele, kuvimba uso au kupumua kwa shida, acha dawa uende hospitali mara moja. Usipoona nafuu baada ya siku mbili tatu, rudi kwa daktari, usiongeze dawa mwenyewe. Ukija, njoo na cheti. Na kama ni dawa ya mtoto, njoo na kadi ya kliniki tuone uzito wake.