Geuza huo mchoro, Hamisi

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Huku wote wazima, tunalalamikia joto tu. Nimechelewa kujibu, uniwie radhi. Rasimu yako ya somo la feng shui katika Mji Uliokatazwa, lile kasri la kale la wafalme wa China pale Beijing, nimeisoma yote pamoja na ule mchoro, na kwa kuwa Ijumaa unasimama mbele ya wale vijana wa usanifu majengo, nakuandikia mbio mbio kabla hujatoa nakala.

Kwanza kabisa, geuza mchoro. Kilima cha Jingshan umekiweka kusini, mbele ya lango kuu. Kipo kaskazini, mgongoni mwa kasri. Feng shui, elimu yao ya kupanga majengo kwa kufuata upepo, maji na milima, inataka nyumba iegemee mlima na itazame maji, na pale katikati ya Beijing ni tambarare tupu, kwa hiyo mlima ukatengenezwa. Mfalme Yongle alijenga kati ya 1406 na 1420. Handaki la kuzunguka kuta likachimbwa, upana mita 52, na udongo wake ukarundikwa kaskazini hadi kimo cha mita 45 hivi. Tena ukarundikwa juu ya magofu ya kasri la Wamongolia wa Yuan, ukoo uliotawala kabla yake, ili wasiinuke tena. Upepo mkali wa kipupwe hutoka huko huko kaskazini, jua linaingia kwa kusini, basi hata asiyeamini lolote angeelekeza milango yake vile vile. (Mfalme wa mwisho wa Ming, ukoo wa Yongle, 1644, alijinyonga kwenye kilima hicho hicho. Kinga hiyo!)

Sasa maji, na hapa ndipo uliponiudhi. Umeandika kwamba Mto wa Maji ya Dhahabu umepitishwa uani "kwa mapambo". Futa. Maji yanachepushwa kutoka kwenye handaki, yanaingia pembe ya kaskazini-magharibi, yanashuka upande wa magharibi, yanakata kuelekea mashariki mbele ya Lango la Upatanifu Mkuu chini ya madaraja matano, halafu yanatokea pembe ya kusini-mashariki. Magharibi ni upande wa chuma katika zile asili tano za Wachina (mbao, moto, udongo, chuma na maji), na neno lao la chuma ndilo la dhahabu. Jina la mto limetoka hapo. Chi, ile pumzi ya ardhi, wanasema hutawanywa na upepo na husimama ikikutana na maji. Ndiyo maana maji hayapiti moja kwa moja, yanapindishwa.

Na wanafunzi waangalie pindo lenyewe. Mto umepinda kama upinde, tumbo limeelekea kusini, na lango limekaa upande wa ndani, kama mtu aliyefungwa mshipi. Ungepinda kinyume, tumbo likaelekea langoni, hiyo ni nuksi. Sababu yake anaijua kila aliyejenga karibu na mto: maji hula ukingo wa nje na kuacha mchanga ukingo wa ndani. Mto huo huo ndio uliotoa maji ya kuzimia moto na ya kukandia chokaa wakati wa ukarabati. Mapambo gani?

Moto ndio adui hasa, maana kasri lote ni mbao. 1421, miezi michache tu baada ya kuzinduliwa, radi ilipiga na kumbi tatu kuu zikateketea. Zilikaa hivyo kama miaka 20. Tangu hapo wakazidisha maji kila mahali. Wakati wa Qing, ukoo uliofuata Ming, yalihesabiwa mapipa 308 ya shaba na chuma, na kipupwe waliwasha moto chini yake yasigande. Nusu nzima ya somo lako iko kwenye maktaba ya Wenyuange ya 1776: vigae vya paa vyeusi, kwa kuwa nyeusi ni rangi ya maji, wakati mapaa mengine mengi ni ya njano, rangi ya udongo na ya katikati. Chini nafasi sita kati ya nguzo, juu chumba kimoja kisichogawanywa, kwa sababu msemo wao ni kwamba namba moja ya mbingu huzaa maji na namba sita ya ardhi huyakamilisha. Na mbele yake bwawa, linalolishwa na… mto ule ule. Unaona?

Lile jukwaa la marumaru la ngazi tatu linalobeba kumbi kuu, kimo cha mita 8 hivi, umelieleza vizuri. Ongeza tu kwamba likitazamwa kutoka juu lina umbo la herufi yao ya udongo, na kwamba vichwa 1,142 vya joka vilivyotokeza pembeni vinatema maji ya mvua. Ile hadithi kwamba kasri lina vyumba 9,999 na nusu waachie waongoza watalii. Waliohesabu walipata karibu 8,700.

Huo mto uchore kwa kalamu ya buluu, mshale pale unapoingia na mshale pale unapotokea. Wakitoka na hilo tu, imetosha.

Sasa nijibu. Mchoro una alama ya kaskazini, au ndiyo iliyokupoteza? Rehema alikupa ile ramani kubwa, au bado anazungusha? Mwalimu Kessy atakuwepo? Akikuuliza kama huu si ushirikina, utaanza na mlima au na pindo la mto? Mimi ningeanza na pindo. Na projekta, mmepata nyingine au ni ile ile ya kuzimika katikati? Kama ni ile, chora ubaoni mapema.

Msalimie Mama Zuhura. Nitumie mchoro mpya kabla ya Alhamisi usiku.

Wako,
Salim