Mpango wa dharura wa mgonjwa asiyeinuka kitandani

Mhariri,

Mvua za Dodoma hunyesha Desemba hadi Aprili, na kila zikikaribia tunasikia tangazo lile lile: hameni mabondeni. Tangazo hilo ni la mwenye miguu. Anayeuguzwa nyumbani anahitaji mpango wake mwenyewe, unaoanzia kwenye swali hili: kikikosekana nini, ataumia kwanza?

Kwa anayetumia mashine ya oksijeni, ni umeme. Mashine ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi. Ikiwaka usiku na mchana ni uniti 8.4 kwa siku. Si lazima nguzo ianguke, LUKU kuisha saa nane usiku kunatosha. Salio lisishuke chini ya uniti 25, nazo ni siku tatu za mashine peke yake, bila friji wala taa.

Mtungi wa oksijeni wa akiba uwepo, na hesabu yake ijulikane na kila mwenye kulala nyumba hiyo. Zidisha ujazo wa mtungi kwa bar (kipimo cha mgandamizo wa gesi) zinazosomeka kwenye geji, kisha gawanya kwa lita anazovuta mgonjwa kila dakika. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1,000 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika, ni dakika 500, yaani saa nane na dakika 20. Ondoa saa moja, msiusubiri uishe kabisa. Spana ya kuufungulia ifungwe kwa kamba shingoni mwa mtungi, kwani ikipotea gizani mtungi uliojaa ni chuma tu. Na giza hilo lisiwatume kuwasha mshumaa au koroboi: nywele na shuka zilizoingiwa na oksijeni hushika moto haraka mno. Tumieni tochi.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Friji likizima, weka chupa kwenye kifuko kikavu ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Hewa kavu ya huku hukipoza vizuri, ila siku za mvua ubaridi hupungua. Barafu isiguse chupa. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla huleta degedege, hivyo korongo likifunga njia ya zahanati, akiba ya siku 14 iwe tayari ndani.

Kumbeba mgonjwa kwa blanketi kunataka watu wanne. Andikeni majina ya majirani wanane, maana mchana vijana wako kazini. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko umwagwe kwanza, kisha ukae chini ya kiuno chake njia nzima. Ukiwekwa tumboni, mkojo hurudi kwenye kibofu.

Tunawaomba wenyeviti wa mitaa waandike orodha ya wagonjwa wa namna hii kabla ya Desemba, ikionyesha nyumba, njia ya kuingilia na nani anatumia oksijeni. Zimamoto wakipigiwa 114, hayo ndiyo watakayouliza.

Wahudumu wa wagonjwa nyumbani,
Dodoma