Kaka, ile 99 ilikuwa ya mashine

Kaka mambo vipi, za huko na familia? Huku tupo, mvua tu ndo imetubana ndani na umeme unakuja ukijisikia. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na lile swali lako la shogi, ile chesi ya Kijapani, nimeona nisikujibu kwa voisi maana nitaongea nusu saa na bado utasema sijakuelewesha, bora nikuandikie barua kabisa ukae nayo. Umeuliza mtu ambaye kompyuta inampa asilimia 99 za kushinda anapotezaje gemu, af ukamalizia kwa kusema Nagase, yule mchezaji aliyepoteza taji lake kwa Fujii mwaka 2023, alipata kiwewe. Hapo kwenye kiwewe ndo sikubaliani na we hata kidogo.

Chesi unaijua kwahiyo sikusumbui na kanuni zote. Ubao ni tisa kwa tisa, kila mtu ana kete 20, mfalme, ngome moja, askofu mmoja, dhahabu mbili, fedha mbili, farasi wawili, mikuki miwili na askari tisa. Malkia hamna. Kinachoifanya shogi iwe shogi ni kwamba kete ukiila inakuwa yako, unaiweka pembeni, na zamu yako ikifika unaweza kuitupia ubaoni karibu popote penye nafasi. Fikiria bao letu, kete za mwenzio ukizila hazitoki mchezoni, unazipanda upande wako na ndo zinakupa nguvu. Kwahiyo shogi haizimiki taratibu kama chesi, ile ya kulana mpaka wanabaki wafalme wawili na askari wa kusindikiza. Huku kadri mnavyoelekea mwisho ndo moto unazidi, mikono imejaa kete na wafalme wote wawili wako uchi.

Sasa ile mechi. Taji linaitwa Oza, ni mojawapo ya mataji manane makubwa ya Japani, mnacheza gemu mpaka tano anayefikisha tatu kachukua. Mwaka 2023 Fujii Sota alikuwa na miaka 21 na mataji saba kati ya manane yako kwake, limebaki hilo tu. Mwenye nalo ni Nagase Takuya, kalishika miaka minne mfululizo, na akilitetea mara ya tano anapewa haki ya kuitwa Oza wa heshima, kitu ambacho kabla yake walikipata wawili tu, Nakahara Makoto na Habu Yoshiharu. Yani kila mmoja anatafuta historia yake kupitia kwa mwenzie. Na utamu ni kwamba hawa ni washkaji wa mazoezi, Nagase alikuwa anasafiri mwenyewe mpaka Nagoya kwenda kucheza na huyu dogo tangu yuko shule. Jamaa ni mtu wa kazi hasa, wenyewe wanamwita sajenti, na kwenye gemu anakula ndizi mbivu kama hana akili nzuri. Mimi nampenda huyu, nakwambia mapema ili usije sema namtetea kwa siri.

Gemu ya kwanza Nagase kashinda. Ya pili Kobe ilienda hatua 214, Fujii akachukua. Sasa kuanzia ya tatu ndo nataka utulie.

Lazima kwanza uelewe saa. Kwenye Oza kila mtu ana masaa matano ya kufikiria. Yakiisha hupotezi gemu, ila kila hatua inabidi uicheze ndani ya dakika moja. Mwandishi wa kumbukumbu amekaa pale pembeni ya ubao anakusomea, sekunde thelathini, arobaini, hamsini, af anaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, ukisikia nane mkono uwe njiani. Hiyo sio dakika moja kwa gemu nzima, ni dakika moja, unacheza, mwenzio anacheza, dakika nyingine, hivyo hivyo hata kwa saa nzima, na wakati huo umeshakaa toka asubuhi. We na mimi tunaangalia kwenye simu pembeni kuna mstari unasema huyu 99 huyu 1, na tunajiona wajuzi kuliko wao. Ule mstari unatoka kwenye kompyuta inayopitia mamilioni ya picha za ubao, na ikisema 99 maana yake ni kwamba mimi mashine nikikalia kiti hiki nashinda. Haisemi njia za kushinda ziko ngapi. Inaweza kuwa kuna hatua kumi zote zinashinda, inaweza kuwa kuna moja tu na zilizobaki zote ni shimo, namba inayoonekana ni ile ile. Hapo ndo watu mnaibiwa.

Gemu ya tatu ikachezwa Nagoya, ambapo ni kama nyumbani kwa Fujii maana kwao Seto ni mkoa huo huo wa Aichi. Nagase anaongoza vizuri tu. Fujii akaitupia ngome kule nyuma kabisa upande wa Nagase, cheki kwa mbali, yani kete inamtishia mfalme ikiwa mbali naye. Ukipigwa cheki ya mbali na kete yenyewe huwezi kuila, una njia mbili, kumhamisha mfalme wako au kuweka kete katikati izibe. Na kwenye shogi kuziba ni balaa maana una mkono mzima wa kuchagua, uweke askari, uweke fedha, uweke nini. Mashine ilikuwa inataka askari tu, kete ya bei rahisi kuliko zote, umtie pale chini kabisa mlangoni kwa mfalme na kazi imeisha. Nagase akaziba kwa ngome. Ukimwangalia unamwelewa, ngome ni kete nzito, unaona umeweka ukuta kweli kweli. Mizani ikageuka na Fujii akamaliza hatua ya 81, kwa mechi ya taji hiyo ni fupi.

Hapo ndo nilipoanza kushtuka, kwamba huyu dogo akizidiwa habahatishi. Anajua anapoteza, basi anatafuta swali lenye majibu mengi ambalo jibu sahihi ni moja na limekaa kijinga jinga, halafu anakuuliza wakati una sekunde 60. Na anayekuuliza ni mtu ambaye mwaka 2015, akiwa na miaka 12, alishinda mashindano ya Japani nzima ya kutatua mafumbo ya kumkaba mfalme, yani kumbana mpaka hana pa kutokea, akiwashinda mpaka wachezaji wa kulipwa, akashinda na miaka mingine minne iliyofuata. Kwahiyo wewe unayejibu unajua fika kwamba ukiteleza hutapewa nafasi ya pili, na hiyo hofu nayo inakula sekunde.

Haya, tarehe 11 Oktoba, Kyoto, gemu ya nne. Fujii mbili, Nagase moja. Nagase anaanza, askofu wamebadilishana mapema, aina ya gemu ambayo wote wawili wameisoma nyumbani mpaka basi. Usiku umeingia, wote wapo kwenye dakika moja, na Nagase ndo kashika mpini. Fujii hatua ya 122 akaiweka fedha katikati kabisa ya ubao. Mstari unasema 99 kwa Nagase. Na kweli gemu ilikuwepo mkononi, alitakiwa aitupie dhahabu jirani kabisa na mfalme wa Fujii na kuanzia pale anamkimbiza cheki juu ya cheki mpaka anamkaba. Badala yake akasogeza askofu wake aliyeshapandishwa cheo (kete ikifika upande wa adui inaweza kuongezewa nguvu), akampiga cheki kwa mbali kidogo. Hatua ya 123. Mfalme akateleza pembeni, akatoka.

Sasa sikiliza kaka, kwenye shogi kuna msemo wa zamani kwamba dhahabu uiache kwa ajili ya pigo la mwisho, maana ndo kete nzuri kuliko zote ya kumalizia mfalme aliyebanwa. Kila mtoto anayefundishwa shogi anaambiwa hivyo. Sasa hapa ushindi ulitaka uitumie dhahabu mwanzo wa msako, umtupe yule uliyeambiwa maisha yako yote umtunze. Hii ni tafsiri yangu tu, mwenyewe sijamsikia akisema hivyo, ila ukiniuliza kwanini mkono ulienda kwa askofu nitakwambia ni hilo. Askofu yupo tayari ubaoni, ana nguvu, unampiga cheki na dhahabu bado unayo mkononi, nani asingecheza hivyo akiwa na sekunde chache?

Na unasema kiwewe. Mtu wa kiwewe haelewi kilichotokea. Nagase alielewa kabla sisi hatujaelewa, kete imetoka vidoleni tu akashika kichwa, akawa anajivuruga nywele, anatazama juu dari, anarudi ubaoni. Picha zake zipo, kaangalie tena bila sauti. Fujii wala hakutabasamu, kainama tu anasoma ubao. Kama hatua kumi na tano mbele, ya 138, Nagase akainama akakubali kushindwa, na Fujii akawa mtu wa kwanza kushika mataji yote manane. Habu alishika yote mwaka 1996 ila wakati huo yalikuwa saba.

Nikikuuliza gemu iligeukia wapi utasema 123, na mimi nasema ndiyo, pale ndo ilipoonekana. Ila iligeuka kabla, pale Fujii alipofanikiwa kuifikisha hali ambayo njia imebaki moja. Anayeongoza anataka ubao uwe mwepesi, anayezidiwa anataka uwe mzito, na Fujii ana kipaji cha kuufanya uwe mzito bila kuonekana anahangaika. Huyu ndo yule yule wa 2020, kwenye mechi ya taji la Kisei na Watanabe Akira, aliyefikiria dakika 23 akaweka fedha moja ya kujilinda ambayo watu waliona haina kichwa wala miguu, af baadae programu ikaja kuiona kuwa ndo hatua bora baada ya kupitia picha milioni 600.

Halafu subiri nikumalize kabisa. Mwaka uliofuata, 2024, taji lile lile, safari hii Nagase ndo anamfuata Fujii. Gemu ya tatu, Kyoto tena, Nagase tena anaongoza, dakika moja tena. Fujii akatupia mkuki kumpiga cheki mfalme aliyejificha pembeni. Swali lile lile, uzibe na nini? Nagase akaziba na askari. Na kaka we, safari hii jibu lilikuwa farasi! Nagoya alitakiwa aweke kete ya bei rahisi akaweka nzito, Kyoto akaweka ya bei rahisi kumbe ilitakiwa inayozidi. Mimi pale niliinuka nikatoka nje kabisa. Mechi ikaisha tatu bila. Niambie sasa, hapo kuna kanuni gani ungempa mtu aikariri? Hamna. Kila ubao una jibu lake na unatakiwa ulione kabla ya nane.

Ndo maana nikasema usimwonee. Nagase kufika kwenye 99 dhidi ya huyu mtu mara zote hizo ni kazi ambayo wengi hata kuinusa hawajainusa. Wengine wanapigwa toka mchana, wanakula keki yao ya saa tisa wakijua jioni wanapaki mabegi (na hizo keki mashabiki wanazifuatilia kuliko gemu, mchezaji akiagiza kitu kesho kwenye hoteli ile kimeisha).

Na usidhani Fujii hapigiki. Juni 2024 Ito Takumi, mwenzie wa rika moja, wote wa mwaka 2002, alimnyang'anya taji la Eio tatu kwa mbili, na ile enzi ya mataji manane ikaishia siku ya 254. Huyu Ito ndo walipokuwa darasa la tatu alimfunga Fujii kwenye mashindano ya watoto mpaka Fujii akalia machozi. Kwa mtazamo wangu tofauti ya Ito ni utulivu tu, akiwa mbele anacheza kama yuko sawa kwa sawa, hana haraka ya kummaliza mtu. Nagase akiwa mbele anataka amalize pale pale, na mimi hiyo roho naipenda japo inamgharimu.

Kama unataka tuanze kucheza ingia tovuti ya Lishogi, ni bure, na kama maandishi ya Kijapani kwenye kete yanakutisha unaweza kubadilisha ziwe za michoro. Tuanze na ubao mdogo kwanza ukizoea kutupia kete, maana watu wa chesi wote mnasahau kwamba aliyeliwa anarudi. Ila dakika moja moja hiyo sitaki, mimi bado nahitaji usingizi wangu.

Ile hela ya kava la simu nitakutumia wiki ijayo mshahara ukiingia. Nisalimie mama na shemeji, na yule mkorofi mdogo mwambie mjomba anamkumbuka.

Ni mimi ndugu yako